Mtoto anayekojoa kitandani asipigwe

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Tunapotembelea nyumba za waamini hapa kambini, akina mama hutuambia kwa siri: mtoto ana miaka saba, bado anakojoa kitandani. Wengine humchapa. Wengine humwaibisha mbele ya wenzake. Wapo wanaotuomba tumtoe pepo.

Tumtazame Eliya. Alikimbia ili asiuawe, akalala chini ya mretemu amechoka, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu.

Watoto wetu nao wamepita katika hofu. Lakini hata penye amani, katika watoto 100 wa miaka 5, kama 15 hukojoa usiku, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mtoto hafanyi kusudi; amelala. Fimbo humwongezea hofu tu.

Basi wazazi, mtoto anywe maji ya kutosha mchana, jioni apunguze. Akojoe kabla ya kulala. Asubuhi fueni shuka bila matusi. Kama alikuwa ameacha akaanza tena, au anaumia akikojoa, au ana kiu isiyoisha, mpelekeni zahanati upesi.

Sisi tutaomba pamoja nanyi, ila hatutamkemea pepo asiyekuwepo. Mtoto akiamka amelowa, na aguswe kwa upole, kama Eliya alivyoguswa. Amina.