Elimu ya Binti na Mizani ya Mshenga
Hapo kale katika nchi ya Korea, wazee na mshenga ndio waliopatana habari ya ndoa. Binti mara nyingi hakuulizwa. Mwaka 1886 shule ya wasichana, Ewha, ilianzishwa Seoul. Na mwaka 2009 wasichana waliwapita wavulana kwa kiwango cha kuingia vyuo vikuu. Basi, elimu ilimpa binti neno lake mwenyewe. Lakini siku hizi yako makampuni ya ushenga yawapangayo watu kwa madaraja: masomo, kazi, mshahara, hata sura. Je, ni vibaya kuuliza mchumba amesoma wapi? Sivyo. Ubaya ni kuifanya elimu iliyomfungua binti kuwa bei yake. Aliyechaguliwa kwa mizani aweza kuachwa kwa mizani.