Jina la Pili Mlangoni

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kutafuta nyumba Nairobi asilijue lile swali? Chumba umekiona, maji yapo, stima ipo, kodi mmekubaliana, dipoziti unayo mkononi. Ndipo msimamizi wa ploti anapouliza, tena kwa upole: “Na jina lako la pili ni nani?” Ukilitaja na kabila lako likajulikana, chumba kinapata mtu mwingine papo hapo. Mama anayelea watoto peke yake huulizwa bwana yuko wapi. Anayetembea kwa magongo haulizwi kitu. Anaonyeshwa ngazi tu.

Hiyo ni dhambi. Yakobo aliikemea katika sura ya pili ya waraka wake, alipoona mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa vizuri na maskini anasukumwa kando. Lakini leo sihubirii mioyo peke yake. Mioyo tumeihubiria sana! Desemba 2007 makanisa yalijaa. Januari 2008, baada ya uchaguzi, huko Kibera na Mathare, watu walifukuzwa vyumbani mwao kwa ajili ya kabila. Wala msiniambie kwamba miongoni mwa waliofukuza wenzao hapakuwa na hata mmoja aliyejua tenzi zetu.

Nahubiri sheria. Mkoloni hakutegemea mioyo alipoigawa Nairobi kwa rangi, Mzungu Muthaiga, Mhindi Parklands, Mwafrika Pumwani akiwa na kipande cha utambulisho shingoni. Aliandika amri na kuweka askari wa kuzisimamia. Sisi tuliandika Katiba ya 2010. Kifungu cha 27 kinaikataza Serikali kubagua, kisha kinamkataza mtu binafsi pia. Kabila, dini, ndoa, ujauzito, afya na ulemavu vyote vimetajwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa.

Basi aliyekataliwa mlangoni aende wapi? Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, yenye baraza lake, inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba hiyo! Wengine waende Mahakama Kuu, watafute wakili, wangoje, na usiku wa leo hawana pa kulala. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji ulichapishwa 2021, na Bunge lile likamaliza muda wake bila kuufanya sheria.

Tudai sheria inayogusa kila nyumba ya kupanga, kodi iwe kubwa au ndogo. Imkataze mwenye nyumba na ajenti wake kumnyima mtu chumba kwa misingi ile ya Kifungu cha 27. Impe mpangaji baraza la kumsikiliza upesi, bila wakili, na anayekataa aeleze sababu yake. Kuuliza kama mtu ana uwezo wa kulipa ni haki ya mwenye nyumba, na hiyo abaki nayo.

Nawasikia mkinong'ona: nyumba ni yangu, nimeijenga kwa mkopo wa sacco. Ni yako, ndugu. Hata hivyo Kumbukumbu la Torati 22 inamwamuru anayejenga nyumba azungushe kizuizi juu ya paa, mtu asije akaanguka. Mungu hakumpokonya mwenye nyumba nyumba yake, alimwekea sharti.

Na msidhani kudai sheria ni kazi ya wanasiasa. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki, sheria ikabadilishwa. Mhubiri Martin Luther King aliandamana Chicago, Marekani, mwaka 1966 kwa ajili ya nyumba, akapigwa jiwe kichwani. Sheria ya makazi ya haki ya huko ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwake. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988.

Kwa hiyo muswada ukirudi na wananchi wakiitwa kutoa maoni, ukumbi ujae kama kesha la mwaka mpya. Vikundi vya akina mama, vijana, wazee wa kanisa, andikeni maoni na mtie sahihi. Nasi wachungaji tuanzie kwetu, maana kanisa nalo lina ploti. Wewe mwenye vyumba usingoje Bunge: mpigie simu msimamizi wako leo jioni, umwambie aache kuuliza jina la pili.