Sikuomba, Niliuliza

Mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili nilirudi nyumbani likizo, na kaka akaniomba nimsindikize kwenye mkutano wa wadi kuhusu bajeti ya kaunti. Kaka ni kiziwi. Mkalimani hakuwepo, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Fedha za ambulensi zilipotajwa, kaka alisimama. Akauliza kwa mikono yake: "Namba ya dharura ni ya kupiga simu. Mimi sisikii, mke wangu hasikii. Akishikwa na uchungu usiku, nitampigia nani na kwa sauti ipi? Kwa nini isiwepo namba ya kupokea ujumbe?"

Watu walikuwa wamechoka na jua, wengine wakitazama saa. Niliona haya, nikafupisha: "Anaomba tusiwasahau watu wenye ulemavu." Wakapiga makofi. Mwenyekiti akashukuru, karani akaandika, tukaingia kwenye barabara.

Njiani kaka akauliza walijibu nini. Nikamwambia walipiga makofi.

"Makofi niliyaona. Jibu je?"

Ikabidi nimweleze nilichosema. Akasimama.

"Mimi sikuomba. Niliuliza."

Chuoni tumesoma kitabu cha Hanna Pitkin cha mwaka 1967 kuhusu dhana ya uwakilishi. Anaeleza kwamba, kwa asili ya neno lenyewe, kuwakilisha ni kumfanya asiyekuwepo awepo. Mimi nilifanya kinyume: kaka alikuwepo, nikamwondoa.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuwasahau watu kama yeye. Kifungu cha 120 kinaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Bunge la Taifa lina viti 12 vya uteuzi kwa makundi maalum, wakiwemo vijana, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Seneti ina viwili vya watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume. Viti hivi navitetea. Lakini majina hutoka kwenye orodha za vyama. Mteule akigeuza swali kuwa ombi, nani atamsimamisha njiani?

Wengine husema kiziwi awakilishwe na kiziwi, basi yaishe. Ingesaidia, ila haitoshi. Mimi nimekua na kaka, lugha yake naijua, nampenda, na bado nilimwangusha kwa haya tu. Kiziwi naye anaweza kukihofia chama kilichompa kiti. Anayesemewa anahitaji kujua kilichosemwa kwa jina lake, na awe na uwezo wa kukirekebisha.

Mkutano uliofuata kaka alikuja na swali lake kwenye karatasi. Akampa karani nakala moja, mimi nyingine. Nikaisoma neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema jibu hana, ataliulizia kaunti.

Nikamgeukia kaka, nikamweleza hivyo hivyo.