Sadaka ya Ua

Ua la bustani ni mali ya aliyelipanda, lakini nyuki anayelinyonya hulala kwingine, na matunda ya kazi yake huvunwa katika shamba la jirani. Je, mwenye bustani ametoa sadaka, au amechukuliwa chake bila kujua?

Chukua pasheni ya manjano. Ua lake huhitaji chavua kutoka mche mwingine, na mletaji wake mkuu ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Ua hufunguka adhuhuri. Nyuki akijisukuma ndani kunyonya, mgongo wake hupakwa chavua, akaondoka nayo. Pasheni isipochanua, hula kwenye mibaazi ya uani. Kiota hukitoboa katika mti mkavu, au katika boriti la mtu, jambo lisilompatia marafiki wengi.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim huhesabu kuwa ni sadaka kila kinacholiwa na ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Mwislamu. Haikushurutisha mpandaji amjue mlaji. Nyuki hakutajwa hapo, ila Sura ya 16 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, na aya ya 68 inayataja majengo ya watu miongoni mwa makazi yake. Kumtoa katika hukumu hiyo ni ubahili wa tafsiri.

Sumu ndiyo shida. Apulizaye dawa mchana, maua yakiwa wazi, huikata riziki ya jirani pamoja na yake. Anayelazimika kupuliza na asubiri nyuki warudi viotani.