Je, Mgonjwa wa Sukari ni Mtumwa wa Ugonjwa Wake?

1. Swali lenyewe

Kuna magonjwa yajayo kama mgeni: hulala nyumbani siku chache, kisha huenda zake. Mwenye malaria hunywa dawa, homa hushuka, naye hurudi shambani. Lakini kuna magonjwa mengine yasiyoaga, na ugonjwa wa sukari ni mmoja wao. Siku ile mganga wa hospitali anapomwambia mtu kwamba damu yake ina sukari kupita kiasi, humwambia pia neno la pili, lililo zito kuliko la kwanza: kwamba itampasa kujitunza kesho, na kesho kutwa, na siku zote za maisha yake.

Hapo huzaliwa swali ambalo si la dawa tu. Mtu ambaye kila siku hupima chakula chake, humeza vidonge saa ile ile, na kutazama nyayo zake kila jioni, je, angali mtu huru? Tena, je, ni haki kutumia fedha kwa ajili ya mwili mmoja usiopona, hali nyumbani mna watoto wenye kuhitaji? Yafaa maswali haya yajibiwe kwa utaratibu, kwani wako wagonjwa wanaoacha dawa si kwa kuikosa, bali kwa kukosa jibu.

2. Ugonjwa huu ni nini

Bugali wa muhogo au wa mahindi, viazi, mchele na ndizi hugeuka kuwa sukari tumboni na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni nguvu ya mwili, kama mafuta yalivyo nguvu ya taa. Lakini mwili hauwezi kuitumia vema pasipo insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichofichwa nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ikikosekana, au mwili ukiwa mzito kuitii, sukari hubaki katika damu. Ndipo mtu huona kiu isiyokwisha, hukojoa mara nyingi usiku, huchoka, na pengine hukonda ijapokuwa anakula.

Aina zilizo kubwa ni mbili. Katika ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, mwili hautengenezi insulini, nayo lazima iingizwe kwa sindano kila siku. Katika ya pili, iliyo ya watu wazima zaidi, insulini ipo lakini haitoshi au haitiiwi. Hapo chakula cha kiasi, mwendo wa mwili na vidonge husaidia sana, na wengine huhitaji sindano pia.

Zamani mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa amehukumiwa kufa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kutoa insulini katika kongosho la wanyama. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipewa dawa hiyo, akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 Banting, Best na mwenzao James Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao juu ya dawa hiyo kwa dola 1 tu kila mmoja. Hawakutaka uhai wa watu uwe mali ya mtu mmoja.

3. Si laana wala uchawi

Kidonda cha mguu kikikataa kupona, watu husema: ametegewa. Kisha hutafutwa mfumu, na mfumu hutaja jina la jirani. Lakini sababu yaonekana wazi. Sukari nyingi ikikaa miaka katika damu huharibu mishipa, na mguu hufa ganzi. Mwiba huingia, mwenye mguu hasikii. Kidonda huoza kabla hajakiona. Basi mwenye kumshitaki jirani amefanya mabaya mawili: amemwonea mtu asiye na kosa, na amepoteza siku ambazo mguu ungeweza kuokolewa.

Wala ugonjwa huu si adhabu ya ulafi. Mtoto mchanga hana ulafi, naye huweza kuupata. Ni kweli kwamba unene, kukaa bure na vinywaji vitamu huongeza hatari ya aina ya pili. Lakini wako pia watu wembamba wenye bidii wanaoupata. Kumhukumu mgonjwa ni rahisi. Ndiyo sababu yafaa kuogopa kufanya hivyo.

4. Utumwa ni nini

Mvuvi wa Moba au wa Kalemie hurudi kutoka ziwani, akatandika wavu na kutafuta mahali palipokatika. Kesho atautengeneza tena, na mtondo tena. Hakuna asemaye kwamba ni mtumwa wa wavu. Kadhalika mama apaliliaye muhogo anajua kwamba magugu yatarudi, naye hashangai.

Mtu ataweza kubisha: mvuvi hupata samaki, na mama hupata mihogo, lakini mgonjwa wa sukari hupata nini, hali jioni yuko pale pale alipokuwa asubuhi? Jibu ni hili: anapata siku yenyewe. Anapata macho ya kuona njia, miguu ya kwenda shambani, na figo zenye kufanya kazi. Hivyo ndivyo ugonjwa huu huiba usipotunzwa, kimoja kimoja, pasipo kelele. Kubaki ulipo, mahali penye mtelemko, ni kazi kubwa.

Mtumwa hasa ni yule avutwaye asikotaka kwenda. Mwenye kujua sababu ya kazi yake, akaifanya kwa hiari, ni bwana wa kazi hiyo.

5. Kazi za siku

Kazi zenyewe si za ajabu. Kula kwa saa zinazojulikana, wala si kushinda na njaa kisha kula mlima wa bugali usiku. Kupunguza bugali katika sahani na kuongeza sombe, lengalenga, maharagwe na samaki. Kuacha chai yenye sukari nyingi na vinywaji vitamu vya chupa, na kuogopa pombe. Kutembea. Kuvaa viatu, kuosha miguu na kuikausha, na kuitazama kila jioni. Asiyeona vema na atazamiwe na mtoto wake.

Mwenye kutumia insulini aitunze mahali pa baridi, mbali na jua. Pasipo frijideri, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa husaidia. Ajue pia hatari ya upande wa pili: sukari ikishuka mno, mtu hutetemeka, hutoka jasho na kusema ovyo kama mlevi. Hapo apewe upesi vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, maadamu aweza kumeza. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, bali apelekwe kwa mganga. Jamaa wote wa nyumbani walijue jambo hili, maana mgonjwa mwenyewe saa ile hawezi kujisemea.

6. Karamu na sahani ya mwenyeji

Kijijini, kukataa chakula ni kumkataa mtu. Mgonjwa huona haya, hula vyote, na usiku huumwa. Au husema uongo kwamba ameshiba. Njia zote mbili si njema. Neno la kweli, likisemwa kwa heshima mbele ya chakula, latosha: mama, mganga amenipimia bugali, nipe kidogo, na mboga nyingi. Mwenyeji mwema hataona uchungu. Na mwenyeji anayemshurutisha mgonjwa kula ampende au asimpende, huyo hatoi zawadi, anatoza ushuru.

7. Fedha na watoto

Hapa pana ugumu wa kweli. Mama mmoja aweza kufikiri hivi: nikinywa kidonge siku moja na kuacha siku mbili, nitapata fedha ya shule ya mtoto. Kwa nje hili lafanana na upendo. Lakini afikiri mbele kidogo. Akipofuka, ni mtoto yule yule atakayeacha shule amshike mkono. Akifa, watoto watakosa ada na mama pia. Na mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, huweza kufa katika siku chache. Basi kujitunza kwake si kujipenda kupita kiasi. Ni sehemu ya malezi.

Lakini ikiwa fedha haipo kabisa, nani atamlaumu? Wajibu haupiti uwezo. Hapo mzigo huhamia kwa wengine: kwa mume, kwa ndugu, kwa majirani wanaochanga upesi kwa matanga na polepole kwa dawa. Yafaa wajiulize kwa nini marehemu hupata jeneza zuri, hali alipokuwa hai alikosa vidonge.

8. Siku ya kuanguka

Hakuna atakayeshika utaratibu huu miaka 20 pasipo kukosa. Siku moja atakula kupita kiasi arusini, au atasahau dawa. Hatari kubwa haimo katika kosa hilo, bali katika neno linalolifuata: nimekwisha haribu, basi na iwe. Aliyejikwaa njiani hainuki na kurudi kijijini alikotoka. Huendelea na safari.

Vivyo hivyo asidanganywe na wale wamwambiao aache dawa ili aonyeshe imani. Kuomba na kunywa dawa havigombani. Wala sheria ya kufunga chakula haimlazimishi mgonjwa.

Maswali ya kukumbuka

Je, ugonjwa wa sukari hupona? Kwa kawaida haupoi kabisa, lakini hutawalika, na mwenye kuutawala huweza kuishi miaka mingi.

Je, kujitunza ni ubinafsi? Sivyo, maana mwili wa baba au wa mama ni tegemeo la wengi.

Je, jirani ana wajibu gani? Asimtaje mchawi, asimshurutishe kula, na amsaidie kupata dawa angali hai.