Shati Haliwezi Kusema Kweli

Karatasi ya maabara ilisema maneno machache: madoa yaliyo kwenye shati ni damu ya binadamu. Kwa maneno hayo kijana mmoja wa machimbo ya Makongolosi, mtoto wa dada ya mke wangu, aliyeshtakiwa kumuua mwenzake wa kibanda, alikwisha kuhukumiwa mtaani kabla hakimu hajamwona mara ya pili. Kesi ya mauaji haina dhamana, na mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kuisikiliza, hivyo akawa anapandishwa kizimbani kila baada ya wiki mbili kuambiwa upelelezi haujakamilika, kisha anarudishwa mahabusu. Mwishowe upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri, akaachiwa. Aliporudi alikuta duara, shimo la dhahabu alilokuwa na mgao wake, lina watu wengine, na mama ntilie aliyezoea kumkopesha ugali sasa anataka hela kwanza.

Nisingeandika lolote kama si msiba mmoja ambapo tulikutana hivi karibuni. Mzee ninayemheshimu sana alinigeukia mbele za watu akasema, "Mwalimu, mahakama ni watu, na watu hununuliwa. Lakini shati halina njaa. Watu hudanganya, vitu havidanganyi." Turubai zima likaguna kukubali. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Hapa si msibani.

Sayansi ya uchunguzi wa jinai ni nini, kila mtu anajua: damu, alama za vidole, vinasaba, sumu, risasi, vitu ambavyo mtaalamu huvisoma ili mahakama ijue kilichotokea. Edmond Locard, aliyefungua maabara yake ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, aliijenga juu ya wazo kwamba watu wawili hawagusani bila kuachiana kitu. Na iwe hivyo. Sina ugomvi na wazo hilo.

Sina ugomvi pia na wanaosema kwamba macho ya mashahidi hukosea zaidi kuliko maabara. Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa. Wanaosema vipimo ni ghali nao wana haki. Na anayenikumbusha kwamba mtu wa kwanza kufaidika na vinasaba katika kesi ya mauaji alikuwa asiye na hatia, namwinamia: Richard Buckland, kijana wa Uingereza aliyekuwa amekiri kuua, alisafishwa na kipimo cha Alec Jeffreys kabla kipimo hichohicho hakijamnasa Colin Pitchfork.

Linaloninyima usingizi ni hilo la vitu kutodanganya.

Tuanze na sifa yenyewe. Tunamsifu mtu kwa ukweli kwa sababu alikuwa na nafasi ya kusema uongo akaiacha. Bubu hasifiwi kwa kutosengenya. Shati halidanganyi kwa sababu halisemi, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kusema kweli pia. Yeyote anayesema "shati limesema" ameficha mtu nyuma ya shati: aliyelichukua, aliyelifunga, aliyeamua lipimwe nini, aliyeandika jibu, aliyelisoma jibu kwa sauti kijiweni. Sheria yetu imelijua hili siku nyingi kuliko mzee wangu. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake wanne, namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilitaka kielelezo kije na kumbukumbu ya kila mkono uliokishika tangu kilipokamatwa. Kwa nini? Kama vitu vingekuwa waaminifu kwa nafsi zao, tungeuliza mikono ya nini? Na mtaalamu akishaandika maoni yake, hakimu hafungwi nayo. Anaweza kuyakataa kwa kutoa sababu. Kielelezo hakijawahi kuingia mahakamani peke yake.

Mzee angenijibu: basi hao watu wa katikati ndio wa kuchunguzwa, wakiwa waaminifu kitu kitabaki kweli. Jibu hilo nalo halitoshi, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana ukweli na uaminifu vinachanganywa kama ni kitu kimoja. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, FBI ya Marekani ilisema alama ya kidole kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya wakili mmoja wa Oregon, Brandon Mayfield. Wataalamu zaidi ya mmoja walikubaliana, na hata mtaalamu aliyeteuliwa kwa ajili ya utetezi aliona vilevile. Mayfield aliwekwa ndani. Kisha polisi wa Hispania wakaitambua alama ile kuwa ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Sasa nionyeshwe mwongo yuko wapi. Alama haikudanganya. Wataalamu hawakudanganya; waliamini walichoandika. Mayfield alisema kweli tupu. Hakuna aliyesema uongo, na lililosemwa lilikuwa si kweli. Anayegawa ulimwengu mara mbili, watu wanaodanganya huku na vitu visivyodanganya kule, hana pa kuweka jambo hili. Atalipuuza, kisha atamfunga mtu.

Lakini tuseme jibu ni sahihi kabisa. La shati lile lilikuwa sahihi. Siilaumu maabara hata kidogo: iliulizwa kama ni damu ya binadamu, ikajibu ndiyo. Jibu hilo lilikuwa na uzito gani? Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alipata njia ya kutenganisha damu ya binadamu na ya mnyama, na mapema tu ikatumika dhidi ya Ludwig Tessnow, seremala wa kisiwa cha Rügen aliyeshukiwa kuua watoto. Tessnow alishikilia kwamba madoa kwenye nguo zake ni rangi ya mbao. Kipimo kilikuta damu ya binadamu, na ya kondoo pia. Pale jibu lilikata, kwa sababu lilisimama katikati ya simulizi mbili: moja ilisema damu, nyingine ilisema rangi. Kijana wetu hakuwahi kusema ni rangi, wala damu ya mbuzi. Siku ya kwanza kabisa alisema ni damu yake mwenyewe, alijikata kiganja kwa moko, chuma chake cha kupasulia mwamba, akiwa shimoni. Wanaomtuhumu walisema damu ya binadamu. Yeye alisema damu ya binadamu. Kipimo kikathibitisha jambo pekee ambalo pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana! Swali la pili, damu ya nani, halikuulizwa. Na Mbeya si mbali. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda pale, na sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009.

Nadai basi kwamba hakuna kitu ambacho ni ushahidi kwa asili yake. Kitu huwa ushahidi pale tu panapokuwa na hadithi mbili zinazogombana na chenyewe kinalingana na moja kuliko nyingine. Kinacholingana na zote mbili sawasawa, hata kipimwe kwa mashine ya gharama gani, kinabaki kuwa doa.

Nyanda hizi ziliwahi kuwa na kipimo chake. Unyakyusa mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa mwafi. Aliyetapika alikuwa safi, ambaye hakutapika alikuwa amepatikana. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, aliliandika hilo. Hoja iliyobeba mwafi ilikuwa ileile ya mzee wangu: mdomo hudanganya, tumbo halidanganyi. Sisemi maabara ni mwafi. Uhlenhuth aliweza kuchukua damu ya ng'ombe anayemjua na ya mtu anayemjua akaonyesha dawa yake inapotenganisha na inapokosea. Mwafi ulinywewa na watu ambao hatia yao haikuwa na njia nyingine ya kujulikana, kwa hiyo haukuweza kukosea kamwe. Kilichobaki bila kubadilika ni sikio la umati. Linasubiri "ndiyo" na halijali swali lilikuwa nini.

Ukitaka kuona kipimo chenye adabu, nenda soko la madini la Chunya, lililofunguliwa mwaka 2019. Naomba radhi kwa kuchepuka, lakini dhahabu ni ugonjwa wangu. Pale sokoni mchimbaji anafika na kipande chake. Mwamba umepita kwenye karasha, umeoshwa mwaloni, umekamatwa na zebaki, zebaki imechomwa ikaenda na moshi. Kipande kinapimwa uzito, kinawekwa chini ya mashine ya mionzi, na mashine inatoa asilimia: dhahabu kiasi hiki, fedha kiasi hiki. Basi. Haisemi duara la nani, wala kama mgao wa wachimbaji ulilipwa, wala kama kilichotoka ni mwamba halali au marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, yaliyochotwa usiku kwa jirani. Muuzaji na mnunuzi wote wanajua haisemi, na sijamsikia mtu akidai kwamba asilimia tisini inamfanya mwenye mali kuwa mwaminifu.

Kuna wanasayansi wa Australia Magharibi na Afrika Kusini wanaotambua dhahabu ya mgodi fulani kwa chembe za metali nyingine zilizojificha ndani yake, kwa kuwa kila mwamba una mchanganyiko wake. Ni kazi ya kupendeza. Lakini dhahabu ikishasafishwa, chembe zile huondoka, na vipande vya maduara kumi vikiyeyushwa pamoja hupati tena kilichotoka Matundasi na kilichotoka Itumbi. Hata Locard angeduwaa hapo: miguso yote ilitokea, na moto umeila.

Nirudi kwa mzee. Nilimfuata kibarazani kwake nikamweleza haya yote, habari ya seremala na ya wakili, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, umemtetea aliye hai. Na yule aliyeuawa, tuliyemzika? Naye damu yake ilikuwa ya binadamu. Tuseme wangeuliza damu ya nani, wakakuta ni ya marehemu. Si ungesema walilala kibanda kimoja, walivaliana mashati, labda siku moja alimbeba kutoka shimoni akitoka damu puani? Ungepata la kusema tu."

Ni kweli ningepata. Kambini mashati hayana mwenyewe, na vinasaba vya marehemu kwenye shati la mwenzake wa kibanda vingeonyesha ukaribu kuliko kuua. Kama kila jibu la maabara linaweza kupewa hadithi ya pili, na mimi nimesema bila hadithi mbili hakuna ushahidi, basi nimempa kila muuaji mwerevu mlango wa kutokea. Sheria inasema kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka yenye mashiko, nami nimefundisha maneno hayo darasani nikiyaona yako wazi. Mashiko yanaanzia hadithi ya ngapi? Anayezitunga ni nani, na anayezikata ni nani?

Nilichoweza kumjibu ni hiki: hadithi ina haki ya kusikilizwa ikiwa ilisemwa kabla ya jibu la maabara kufika, kwa sababu hapo mtu ameiweka mahali inapoweza kuvunjwa. Kijana alitaja moko siku ya kwanza, na kovu liko kiganjani. Hadithi zinazozaliwa baada ya majibu tuziweke mbali kidogo.

Mzee alitikisa kichwa. "Mwongo mwerevu naye huanza mapema," akasema, akamwita mjukuu wake atuletee chai.