Mtoto Hujifunza Dharau Wapi?



Katika shule ya watoto wadogo, mtoto wa Kibembe, wa Kifuliiru au wa Kinyamulenge aweza kuketi mkeka mmoja na mtoto wa Kirundi, ambaye wazazi wake walikimbia fujo za Burundi mwaka 2015 wakapokelewa Lusenda. Hugawana muhogo pasipo kuulizana kabila.

Basi neno la kumdharau mwenzake amelitoa wapi? Amelisikia jikoni kwetu. Asubuhi mwalimu hufundisha kwamba Mungu ni Baba wa wote. Jioni ulimi wetu hulibomoa fundisho hilo.

Yezu aliwakumbatia watoto, tena akamsifu Msamaria aliyedharauliwa. Usiku huu, kabla ya sala, tuungame kosa hilo mbele ya watoto wetu.